Hatua Saba Hadi Kivulini

Nakumbuka Jumamosi moja ya gulio hapa Newala, mwanangu, na angetokea mtu wa kunisahaulisha siku ile ningemlipa bila kuomba apunguze. Wewe unanijua, hata chumvi naombea punguzo.

Nilikuwa kijana. Korosho zangu za Makote zilikuwa zimekubali msimu ule, nikateremka Masasi, pale Mkomaindo, kwa fundi wa barabara aliyekuwa anahama. Nikanunua kwake mbwa wa Kijerumani, wale wa polisi. Mbegu safi, ukoo wake umeandikwa kwenye karatasi hadi vizazi vitatu. Mimi mwenyewe baba wa babu yangu simjui hata jina. Nilimhesabu meno, nikarudia. Nikamwita Jemadari.

Alikuja na mafunzo yake. Ukimwambia "kaa", anakaa, na hainuki mpaka asikie "haya". Weka nyama mbele ya pua, mate yatamdondoka, lakini hagusi. Hilo ndilo lililoniharibu. Kila gulio nilimpiga brashi mpaka anang'aa, nikamkalisha katikati ya uwanja, watu wakajaa.

Mzee Chilumba alikuwepo. Yeye alikuwa mwindaji wa nguruwe pori wanaokula mihogo yetu, na mbwa wake wanne walikuwa wa kienyeji, wembamba, masikio yamechanikachanika.

"Baba, huyu wako anafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Anatii, mzee."

"Kutii nimekuona. Nimeuliza kazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikijua ni wivu tu.

Basi Jumamosi ile, jua kali la kiangazi, nimeshasema "kaa", akaja bwana mmoja wa Tandahimba mwenye jike. Alitaka Jemadari ampande.

"Wakizaliwa nitakupa mtoto mmoja," akasema.

"Watatu, na nachagua mimi."

"Watatu! Kwani utawanyonyesha wewe?"

Hapo akawa amenigusa penyewe. Tukaingia kwenye kibanda cha chai. Akapanda hadi wawili, nikakataa, akaaga, nikamwacha afike mlangoni, akarudi. Nilishinda, mwanangu. Watatu. Nikaagiza chai ya pili ili niufaidi ushindi.

Mzee Chilumba akasimama mlangoni. "Yule mbwa umemwambia ainuke?"

Nilikimbia. Jemadari alikuwa palepale, amekaa wima, povu mdomoni, ulimi umebadilika rangi. Hakuwa amefungwa. Mbwa wanne wa mzee walikuwa wamelala kwenye kivuli cha kibanda cha mitumba, hakuna aliyewaambia.

Nikasema, "Haya."

Akajaribu kuinuka. Miguu ya nyuma ikakataa. Mzee akammwagia ndoo nzima ya maji ya kunywa, na unajua maji ya huku juu yanavyotafutwa. Alasiri hakuifikia.

Nilipima kutoka alipokaa hadi kivulini. Hatua saba. Nikarudi, nikapima tena. Saba.

Mzee alinisaidia kuchimba. Tukafukia mpaka udongo ukajaa. Ndipo akasema, "Mbwa wangu wawili wameuawa na nguruwe. Lakini hakuna aliyekufa kwa kunitii."

 

Sasa umenionyesha kwenye simu mbwa unayemtaka, na kweli ni mzuri. Mnunue, sikukatazi. Mshindanishe, mkimbize, watu wakusifie. Ila ujue kabla hujamlipa mwenye mbwa: kiumbe ukimfundisha kukaa, umechukua deni la kuwepo ili umwinue. Usimwache juani ukaenda kufurahia jina lako. Na si mbwa peke yake. Utaoa, utazaa, utaajiri vibarua wa korosho. Watakuwepo watakaokaa pale ulipowaambia wakae, wakikungoja, wala hawatalalamika. Hao ndio wa kuwageukia kwanza.

Mungu akupe watakaokuamini, mwanangu, na kila unapowaacha akugeuze shingo uwatazame mara mbili. Haya, nenda.