Swichi ya Garnet Lienert

Wenye magari ya otomatiki mjini Whyalla, Australia, walimjua Garnet Lienert kwa maneno yake kabla ya kumjua kwa sura. Ukimpelekea konveta iliyoungua, hakuuliza habari za nyumbani. Aliipindua juu ya meza, akainusa kama mtu anusavyo maziwa ya juzi, kisha akatoa hukumu.

"Hii haikufa, bwana. Imeuawa. Ulifunga klachi huku umekanyaga mafuta mpaka sakafuni, sivyo?"

Wengi walikiri. Aliyebisha alionyeshwa mabaki meusi chini ya bakuli la mafuta mpaka akanyamaza.

Konveta ni duara zito, mfano wa boga la chuma, linalokaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake injini husukuma mafuta, na mafuta ndiyo husukuma giaboksi. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Kwa gari la mbio utelezi huo ni neema wakati wa kuondoka, kwa kuwa injini hupata nafasi ya kupanda mpaka penye nguvu zake. Kwenye barabara kuu ni balaa: mafuta huchemka na giaboksi hufa njiani. Kwa hiyo Garnet alitia klachi ndogo ndani ya konveta zake. Ukibonyeza swichi iliyo kwenye mkono wa gia, klachi inabana, utelezi unakoma, gari linakwenda kwa utulivu kama la mchungaji wa kanisa. Lakini klachi hiyo ilikuwa ya sahani moja tu, yenye ngozi nyembamba, ya kusafiria. Haikuumbwa kubeba nguvu zote za injini.

Klabu ya mbio ya Whyalla ilikuwa na ubao ukutani, juu ya friji ya bia. Majina yaliyoandikwa pale yalikuwa ya watu waliokimbia robo maili chini ya sekunde kumi kwa gari lililofika uwanjani kwa magurudumu yake yenyewe. Ukileta gari juu ya trela, hata likiruka kama risasi, jina lako haliandikwi. Kwa miaka ishirini na mitatu Garnet alikuwa ametengenezea giaboksi watu saba wa ubao ule. Yeye mwenyewe hakuwamo. Gari lake, Holden ya rangi ya haradali, lilikuwa limefika kumi na sehemu chache mara nyingi kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kumtania.

Halafu macho yakaanza kuharibika. Tangu Oktoba, kila alichokitazama kilikuwa na doa la kijivu katikati. Ili aone mdomo wa mtu, ilimbidi amtazame sikio. Daktari hakumficha. Jumatatu barua ingekwenda ofisi ya leseni, na baada ya hapo asingeendesha tena, barabarani wala uwanjani. Jumamosi ile ya Machi ilikuwa ya mwisho.

Alikuja na binti yake Tamsin, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, fundi wa umeme wa karakana yao, aliyekuwa na leseni yake ya mbio. Joto lilikuwa digrii thelathini na saba, na upepo kutoka jangwani ulipuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya pai za nyama.

Mbio za kwanza: kumi nukta sifuri sita. Za pili: kumi nukta sifuri tatu.

Dougal Prior, ambaye gari lake halijawahi kugusa barabara, alipita na kopo la soda mkononi. "Mzee Garnet! Bado unabisha hodi tu? Ingia ndani, watu wanakula!"

"Nitaingia. Wewe kalale na trela yako."

Dougal akaenda zake akicheka. Tamsin alikuwa ameinamia kompyuta. "Mwishoni injini inazunguka mara elfu sita na mia nne, giaboksi inapata elfu sita tu. Zote zilizobaki zinapotelea kwenye mafuta."

"Najua."

"Na hewa ni ya moto, baba, injini inakosa pumzi. Tusubiri saa moja jioni. Ubaridi ukishuka, gari hili ni tisa. Hata mimi nikilala usingizi humo ndani, ni tisa."

Garnet alikuwa akifuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Saa moja jioni sizioni taa za kuondokea, mwanangu. Naona moshi tu wenye rangi."

Tamsin alikuwa halijui hilo. Akafunga kompyuta taratibu. "Basi niendeshe mimi. Gari ni lako, giaboksi ni yako. Wataandika Lienert."

"Wataandika Tamsin Lienert."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Hakuna ubaya." Alisema hivyo kwa upole, lakini alikuwa ameshachukua helmeti. "Kuna nafasi saa kumi. Naingia. Nikipandisha gia ya mwisho, nafunga."

"Unafunga nini?"

Garnet akaelekeza helmeti kwenye swichi ya mkono wa gia.

"Baba! Sahani moja ile! Wewe si ndiye unayefukuza watu karakanani kwa ujinga huohuo?"

"Ni sekunde tatu tu. Itavumilia."

"Kila aliyekuletea konveta iliyoungua alisema hivyohivyo. Nenda kawaulize!"

"Tamsin, Jumatatu sina macho. Niache."

Tamsin alimwacha. Baadaye alisema angeweza kung'oa waya mmoja tu, na swichi isingefanya kazi. Aliujua waya ule kwa rangi yake, kwa kuwa aliuweka mwenyewe. Lakini mtu hang'oi waya wa baba yake mbele ya macho yake, hata yakiwa macho mabovu.

Saa kumi na dakika tano Garnet alisogeza gari mstarini. Aligeuza kichwa kidogo upande, ili doa likae pembeni na taa zionekane. Taa ya kijani ilipowaka aliondoka vizuri kuliko siku zote; nyuma ya gari ilichuchumaa, matairi yakashika lami. Gia ya pili. Ya tatu, ya mwisho. Akabonyeza swichi.

Klachi ilishika. Kwa sekunde moja, labda moja na nusu, gari lilivuta kama kamba iliyokazwa, na walio ukingoni waliinuka vitini. Kisha injini ikapiga ukelele mtupu, sauti ikapanda na mwendo usipande nayo. Holden ilivuka mstari wa mwisho ikiserereka, moshi mweupe ukitoka chini yake.

Tamsin alimkuta kwenye njia ya kurudia, amekaa ndani, mlango wazi. Karatasi ya muda ilikuwa pajani mwake. Alimnyooshea binti yake.

"Soma."

"Kumi nukta sifuri moja."

"Soma tena."

"Baba, ni kumi nukta sifuri moja."

Tamsin alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Mafuta yalikuwa meusi, yana vijichembe vya kung'aa, na yananuka kama mkate ulioungua. Garnet alikinusa kitambaa kile. Hakutoa hukumu yoyote. Akakikunja mara mbili, mara nne, akakitia mfukoni.

Walisukuma gari lisiloweza kwenda tena mpaka kwenye uzio, wakakaa chini kwenye upande wake wa kivuli. Jua lilipozama upepo ukageuka, ukaja kutoka baharini. Kufikia saa moja digrii zilikuwa ishirini na mbili. Kipaza sauti kilianza kutangaza: huyu amevunja rekodi yake, yule naye amevunja yake, Dougal Prior amepata muda bora wa maisha yake. Kila gari lililopita lilipumua vizuri.

"Digrii ngapi sasa?" Garnet aliuliza.

"Ishirini na moja."

Alitikisa kichwa polepole. Mbele yao magari mawili yalisogea mstarini.

"Na taa," alisema, "wewe unaziona?"

"Naziona."

"Zote?"

"Zote, baba."