Pumzi Mbili Ndani ya Magamba

Jirani yangu Mama Musoki aliuzisha nyama ya pori sokoni Bunia miaka mingi. Asubuhi moja muwindaji wa kijiji cha Aveba akamuletea kakakuona, imejikunja kama mupira wa magamba, bila kichwa wala miguu ya kuonekana. Siku ile hakuwa na kingine cha kuuzisha.

« Umumwagie maji ya moto, mama, atajikunjua mwenyewe », muwindaji akacheka, akaenda.

Musoki akaweka maji ku moto, akaniita nishike beseni. Nikaona: ile mupira ilikuwa inapumua. Kisha ulimi mwembamba, murefu kuliko kiganja, ukatoka katikati ya magamba, ukagusa kidole ya Musoki, ukarudi. Ndani, kitu kidogo kikalia.

« Weye, iko na mutoto », Musoki akasema pole pole.

Wakati wa vita, Musoki na yeye alijikunja vile mu majani juu ya mutoto wake Débora, watu wa mapanga wakipita karibu.

Maji ikachemuka mpaka sufuria ikakauka. Tukamurudisha mu pori.

Sasa Musoki anauzisha maharagi. Lakini tukiomba pamoja, ananyamaza katikati ya sala, anasikiliza. Na mimi ninaisikia, ile pumzi ya ndani ya magamba.