Majivu Juu ya Milango Myeupe

Mume wangu alijifunza kupuliza rangi katika karakana ya mabehewa kule Kilosa. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa akapunguzwa kazi, tukahamia kwa mama yangu, Ruhembe. Mwanamume kuishi ukweni si jambo dogo. Alikula kidogo kuliko njaa yake, na mimi iliniuma.

Binamu yake alikuwa akimwita Dar es Salaam. Kabla hajajibu, mama mmoja mwenye gesti Mikumi akampa milango ya makabati ya jikoni aipake upya. Ikimpendeza, angempa kazi ya jengo zima nasi tungepanga chumba kulekule. Ikiharibika, mume wangu angekwenda Dar. Aliniambia hivyo bila kuzunguka, nami nikaomba Mungu mpaka nikajichosha.

Aliosha mafuta ya mapishi kwa sabuni ya unga, akapiga msasa, akapuliza rangi ya kwanza, akapiga msasa tena mpaka kiganja changu hakikukwama popote. Rangi nyeupe aliichuja kwa kipande cha chandarua. Alipuliza nyembamba, akasubiri, akapuliza nyembamba tena. Mwenye pupa, alisema, rangi humchuruzika.

Mkono wa mwisho wa rangi aliungojea jioni, upepo ukishalala, maana karakanani walifanya hivyo kukwepa vumbi. Hakujua kwamba wachoma miwa, wanaounguza majani kabla ya kukata, nao huvizia saa hiyohiyo, moto usiwatoroke. Mimi ningemwambia, lakini nilikuwa sokoni.

Niliporudi, milango ilikuwa imelazwa uani, mibichi, na majivu meusi ya miwa yanashuka juu yake taratibu. Kila kipande kilipotua, kiligandia. Rangi ilikuwa imekwisha, na mwenye gesti alikwisha sema asipoipata milango kesho anamwita fundi wa Morogoro.

Ndipo mama yangu akaingia kutoka shambani, uso umemchanua. Msimu uliopita zamu ya kuvuna ilimpita na miwa yake ikaanza kukauka. Leo, bila kutarajia, wamelichoma shamba lake, kesho wanakata.

Mume wangu akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo Mungu ametukumbuka."

"Hongera sana, mama."

Mama akaitazama milango, akasema majivu si uchafu, yatafutika tu. Mkwewe akaitikia kwamba ni kweli, yatafutika. Nilitaka kupiga kelele. Nilimkasirikia kwa adabu yake, nikamkasirikia mama kwa furaha yake, na hakuna aliyekuwa amenikosea.

Chumbani aliniambia neno moja tu: "Usimwambie mama kamwe."

Alikwenda Dar wiki ileile. Kwanza zilikuja barua, kisha salamu kwa watu, kisha hata salamu hakuna. Mama ni mzee sasa. Wageni wakimuuliza habari za mkwewe, huwaambia alikuwa kijana mwenye heshima, ila mjini kulimzuzua akamtupa mwanawe. Nami huwa nimekaa papo hapo, nawamiminia chai.