Krismasi ya Wali Mtupu

Mwaka niliomaliza darasa la saba, wakati nasubiri matokeo na sina kazi zaidi ya kuwachokoza watu, mama aliniteua kuwa katibu wa Krismasi. Hakukuwa na mgombea mwingine. Kaka zangu wawili mwandiko wao ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, na baba alisema yeye atasimamia mambo makubwa, yaani mbuzi na kukaa na wageni. Basi nikapewa daftari lililobakiwa na kurasa sita.

"Andika ninayosema," mama aliniambia. "Na usiongeze vichekesho vyako."

Niliongeza kidogo tu. Pale aliposema viti viazimwe kwa jirani, niliandika viti viazimwe, cha shangazi kiwe imara. Shangazi yangu ni mtu wa mwili, na naandika haya kwa heshima zote.

Tangu nizaliwe, Krismasi yetu ilikuwa Pito, kwa babu. Pito si mbali na mjini. Tulitoka kwetu Mazwi, hapo mjini, kwa miguu baada ya misa, wenye baiskeli wakibeba watoto na sufuria, matope ya Desemba yakitung'ang'ania viatu. Pale kwa babu hakukuwa na la kupanga. Mbuzi alikuwepo, maharage yalikuwepo, pombe ya ulezi ilikuwa inachemka kwenye chungu na mirija imeegeshwa ukutani. Na katikati ya yote kulikuwa na ugali wa ulezi, mweusi, mkubwa kama kichuguu, unaotoa mvuke. Sisi watoto tulipewa sinia la wali, tukagombana. Lakini hakuna aliyegusa chochote, hata wali, kabla bibi hajamega tonge la kwanza la ule ugali na kulimeza. Yeye akimeza, Krismasi imeanza. Padri alikuwa na kengele zake, sisi tulikuwa na koo la bibi.

Masika ya mwaka ule babu alifariki. Zikaja siku za arobaini, zikaja siku za mavuno, na kabla mvua hazijaanza tena bibi akatoa tangazo. Krismasi ilikuwa ya mzee, alisema, na mzee hayupo. Kila mtu apike kwake.

Baba na ndugu zake waliinamisha vichwa tu. Aliyesema neno ni mama, mkwe, mtu wa kuja. Alipiga magoti kwenye ule ua wa Pito, nikiwa nyuma yake nimeshika kuku tuliyepewa, akasema, "Mama, nipe mwaka huu mmoja. Waje kwangu. Ukiona haifai, basi tena, kila mtu na kwake."

"Haya," bibi alisema. "Nitakuja nione."

Njiani kurudi nilimuuliza mama anaogopa nini, si ni chakula tu. Akaniambia hawa watu wakishaacha kula pamoja mwaka mmoja, mwaka wa pili watasahau kualikana, na mwaka wa tatu watakutana msibani wakiulizana huyu mtoto ni wa nani. Yeye alikuwa ameliona hilo kwao alikozaliwa. Ndiyo maana alilitaka lile daftari lisikose kitu.

Mji nao ulikuwa umechangamka. Mimi nakumbuka, nikiwa mdogo sana, kupanga foleni ya sabuni na kurudi na nusu mche. Sasa kila kitu kilikuwa ruksa. Malori yaliyotoka mpakani Kasesya yalishusha biskuti za Zambia, mafuta ya kupikia ya madebe, siagi ya kopo, na mitumba iliyotufanya wote tuonekane kama tumetoka safari. Duka la karibu na kwetu lilileta maputo na kadi za Krismasi zenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Mwenye duka alikuwa na redio kaseti kubwa, anapiga muziki kuanzia asubuhi, na sisi vijana wa mtaa tulisimama pale kama tumepigiliwa misumari.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Kwenye ukurasa wa tatu wa daftari mama alikuwa amesema, nami nikaandika, ulezi debe moja upelekwe mashine. Unga wa sembe wa nyumbani ulikuwa umekwisha, baadhi ya ndugu wa baba walikuwa wamefika mapema na kwa uji hawana mchezo. Kwa hiyo ulezi ule ndio ulikuwa ugali wetu wote. Siku mbili kabla ya sikukuu nilijitwisha lile debe hadi mashineni. Foleni ilikuwa imezunguka nyumba na kurudi tena. Nikasimama. Nikakaa. Nikasikia muziki kule dukani, kanda mpya. Nikajiuliza, kwa akili zangu zote za kusubiri matokeo ya darasa la saba, hivi mjini kuna mtu wa kula ugali wa ulezi Krismasi? Mchele tulikuwa nao, mzuri, wa kutoka bondeni. Kila niliyemjua aliota wali mwaka mzima. Nikaona ninawasaidia.

Nikarudisha debe, nikalificha nyuma ya kuni, nikaenda dukani.

"Umesaga?" mama aliuliza jioni.

"Tayari."

Na kwenye daftari nikaweka alama ya vema. Nzuri, kubwa, kama ya mwalimu.

Siku ya Krismasi ilikuwa na baridi ile yetu, ukungu mpaka misa inakwisha, watu wamevaa nguo mpya juu ya masweta ili zionekane nao wasigande. Walikuja wote. Baba mkubwa alikuja na baiskeli na mkungu wa ndizi. Shangazi alikuja, nikampa kiti chake. Bibi alikuja na mwavuli mweusi wa babu, akaketi karibu na mlango, na mwavuli akaulaza magotini. Hakuusimamisha ukutani kama wengine. Mama aliliona hilo.

Jikoni mambo yalikuwa yanakwenda. Mbuzi tayari, maharage tayari, wali umeiva. Mama aliinjika sufuria kubwa ya maji ya ugali, yakachemka, akajifunga kanga vizuri, akashika mwiko.

"Lete unga."

Nimewahi kuchekesha darasa zima wakati mwalimu ana fimbo mkononi, lakini pale nilienda tu nyuma ya kuni, nikaburuta debe, nikaliweka mbele yake. Ulezi mzima mzima, punje kwa punje.

Mama aliingiza mkono, akauchota, ukamdondoka kati ya vidole. Nilingoja kofi. Nilikuwa hata nimechagua shavu. Lakini alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mashine leo zimefungwa." Kisha akaanza kupakua wali.

Tukapeleka sinia. Baba akaomba baraka. Watu wakamtazama bibi, bibi akatazama sinia. Hapakuwa na kitu cha kumega. Mwishowe akachukua kijiko, akala kidogo, na wengine wakaanza mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kwenye maji ya baridi. Wali ulikuwa mzuri, nasema kweli. Ulikwisha wote. Mama akakusanya masinia. Watu wakakaa.

Wakakaa tu. Hakuna aliyenawa, hakuna aliyejinyoosha, hakuna aliyesema asante kwa chakula. Baba alizungumzia mvua. Halafu akazungumzia mbolea. Watoto walipasua puto moja. Mwishowe baba mkubwa, mtu mpole kuliko wote pale ndani, akainama kwa baba na kuuliza kwa heshima, "Mdogo wangu, chakula bado kidogo?"

Nilikuwa mlangoni, na nilimwona mama anavyosimama katikati ya chumba na masinia mikononi.

"Nimesahau kusagisha, shemeji," alisema. "Ni mimi, nimesahau."

"Wifi," alisema shangazi, "au mjini mmeshaacha ugali? Tuambie, tuje na wa kwetu." Alinyoosha kidole kwenye ile kadi ya theluji niliyoibandika ukutani. "Tazama, hata wale wana unga mpaka juu ya bati."

Watu wakacheka, na hata mimi kidogo nicheke, maana kilikuwa kichekesho kizuri. Mama hakucheka. Bibi naye hakucheka. Aliuchukua mwavuli magotini, akaanza kujifunga kanga ya kichwa, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuona alichokuja kuona.

Mvua ikashuka. Ya Desemba, ya kupiga bati mpaka humsikii wa karibu yako. Bibi akasimama mlangoni kuingoja ipungue.

Mimi nikachukua beseni nikatokea mlango wa nyuma.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja Msukuma, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe wao miaka michache nyuma, na ndiko tulikokuwa tukinunua maziwa. Alinitazama nilivyolowa. "Mfipa anaomba unga siku ya Krismasi," alisema akichota dona. "Hii nitawasimulia kwetu mpaka nizeeke." Akanijazia bakuli mbili. Nyumba ya pili walinipa unga wa muhogo. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wangu wa hesabu, nilitaka kuiruka lakini alikuwa dirishani.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unga wa ulezi."

"Marahaba. Kwani kwenu hamkujua kwamba Krismasi ni leo?"

"Tulijua, mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea."

Alitoka dirishani akaja kufungua mlango, nadhani kwa mshangao, maana miaka saba hakuwahi kunisikia nikisema hivyo. Mke wake akaniletea unga wa ulezi, bakuli moja, akanipa na gunia la kufunika beseni.

Nikaenda nyumba nne nyingine. Kote niliulizwa, kote nikajibu lile lile. Ukilisema mara saba kwenye mvua linaanza kuwa jepesi.

Niliporudi mvua ilikuwa inapungua, na bibi alikuwa ameshafungua mwavuli. Nikapita mbele yake, nikapiga magoti kwenye matope ya mlangoni, nikaweka beseni miguuni pake. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana, huniita mke mwenzangu, nami humwita hivyo hivyo. Lakini siku ile nilimwita bibi.

"Bibi, mama hakusahau. Alinituma, mimi sikusaga. Nilimdanganya. Nilikuwa dukani nasikiliza kanda."

Bibi alifunua gunia, akatazama ndani. Unga mweupe, unga wa njano, unga mweusi, haujachanganyika, kama ramani.

"Huu ni unga gani?"

"Wa Mazwi nzima."

Akafunga mwavuli, akaupigapiga maji yatoke. "Nenda kausonge," alisema. "Si mama yako. Wewe."

Sijawahi kusonga ugali wa watu ishirini, wala sishauri mtu aanzie hapo. Mama alishika sufuria kwa vipande vya gunia, mimi nikaning'inia kwenye mwiko kwa mikono miwili, jasho na moshi na machozi, vyote vikiingia. Mama hakunisaidia kusonga hata mara moja, aliniambia tu ongeza, geuza, kandamiza, usikimbie. Tulipoupakua ulikuwa na rangi ya matope ya barabara ya Kasesya na madonge ya unga mkavu humo ndani. Shangazi aliutazama akafungua mdomo, baba mkubwa akamgusa kiwiko.

Bibi akanawa. Akamega, akafinyanga, akachovya kwenye mchuzi wa mbuzi, akameza.

"Mbaya," alisema.

Akamega tena.

Hapo ndipo mikono yote iliposhuka kwa pamoja, na kelele zikaanza, zile kelele za Pito ambazo nilidhani zimezikwa na babu. Baba mkubwa alikuwa akitoa madonge na kuyapanga pembeni ya sahani, anatuonyesha idadi yake. Kaka zangu wakagombania kongoro. Mimi niliketi jikoni na mama, tukala ukoko, mikono yangu imetoka malengelenge. Aliniambia kwamba kofi langu bado lipo, limeahirishwa tu. Lipo mpaka leo.

Kabla ya kuondoka bibi aliingia jikoni kwetu, mahali ambapo hakuwahi kuingia. Alitazama mafiga, akatazama kuni, akafungua lile debe la ulezi na kuupitisha mkononi.

"Huu una mchanga," alimwambia mama. "Mwakani usinunue. Kile kipande cha mzee cha ulezi nitakilima mwenyewe, nikuletee. Na mafiga haya ni madogo kwa sufuria ya watu wengi, mwambie mumeo atafute makubwa."

"Ndiyo, mama," alisema mama, akageukia ukutani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa niko kidato cha tatu, nasoma bweni, na kila likizo ya Desemba inapokaribia wenzangu wanaongea habari za nguo na viatu. Mimi naota foleni ya mashine. Bibi huja Mazwi siku tatu kabla ya sikukuu, anakaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, anamkosoa kuanzia alfajiri, na mama anazidi kunenepa kwa raha. Ulezi wa Pito unafika kwenye baiskeli ya baba mkubwa. Najitwisha, naenda, nasimama mpaka zamu yangu ifike, hata mvua inyeshe, hata kanda iwe mpya namna gani. Nikirudi, bibi hufungua mfuko, huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kunusa.

"Mke mwenzangu," huniuliza, "umeusaga wote, au mwingine umeuficha kwenye kuni?"