Mpaka Mgeni Aseme Rudi

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Akiinuka, mwenye nyumba anainuka naye, anachukua mzigo wa mgeni, wanatoka pamoja. Njiani mgeni anasema, "Basi, rudi." Hiyo ni adabu yake. Mwenye nyumba akitaka anarudi, akitaka anaongeza mwendo. Lakini kurudi kabla hujaambiwa, hapana. Nyumbani kwangu jambo hilo halijatokea. Nimesindikiza watu hapa Gisenyi tangu nilipoolewa, na kila mmoja alijua heshima yake kwangu kwa pale nilipomkabidhi mzigo wake. Wengine kwenye ua. Wengine kwenye kona ya msikiti. Wachache sana barabara ya ziwa.

Mwaka ninaousimulia Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, na mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Masika yalinikuta bustanini nyuma ya nyumba, napalilia mboga zangu za lenga-lenga. Nikateleza juu ya jiwe jeusi la volkano, yale tunayoyaita amakoro, mguu ukavimba kama boga. Wageni nikawa nawaaga nimekaa kwenye kiti. Mguu ukapona, lakini mazoea ya kiti yakabaki. Mimi sikuyaona. Watu waliyaona.

Jumatatu moja akaja mtoto wangu wa kwanza, fundi wa nguo kule Goma. Mtu mzima, ana cherehani yake, ana tumbo lake. Alikula, akanawa mikono, akakohoa. Nikajua ana neno.

"Mama, siku ile nilitoka hapa, we ulibaki kwa kiti."

"Kiti ni changu."

"Mutu mwenye hawezi kusindikiza tena, hawezi kukaa yeye peke. Jumapili nakuya na kamioneti ya mizigo. Utaishi kwangu. Kwangu iko chumba muzuri."

"Chumba hicho kina udongo?"

"Iko na sima, mama! Sima yote!"

"Saruji haioti lenga-lenga."

Alicheka, lakini neno hakulirudisha. Bustani tutampa mtu, alisema. Nyumba tutaipangisha. Alisema "tutampa" kama vile mimi nimekwisha kuzikwa. Kisha akainuka, akachukua mboga nilizomkatia, akatoka amezibeba mwenyewe. Na mimi nilikuwa wapi? Kwenye kiti. Hapo ndipo niliposikia uchungu, maana alikuwa amesema kweli.

Kesho yake akaja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huyu habari haimpiti. Hata kukaa hakukaa. Alisimama jikoni anaangalia sufuria yangu kubwa, ile ya sherehe.

"Nasikia unahama, wifi. Bon. Hii sufuria utaipeleka Goma? Ni nzito sana kwa mutu wa mguu mubaya."

"Umekuja kunisalimia au kuisalimia sufuria?"

"Wote wawili."

Alipomaliza chai nikachukua kifurushi chake, nikainuka. Akashangaa. "Yebaba we! Leo umekumbuka njia?"

"Tembea," nikamwambia.

Nilimfikisha kona ya msikiti. Alisema rudi, rudi, tangu mlangoni, akiogopa nitaanguka na yeye ataulizwa. Wakati wa kurudi mguu uliniuma, nikashika kuta za nyumba za watu. Hakuna aliyeona, na mimi sikumwambia mtu. Usiku niliukanda kwa maji ya moto na chumvi, nikauambia, utafanya kazi utake usitake.

Kisha akaja binti yangu, aliyeolewa na mvuvi kule ufukweni, na mtoto mchanga mgongoni na samaki wakavu kwenye kikapu. Alinikuta nachimba matuta ya vitunguu. Naye alikuwa ametumwa, nilimwona usoni. Akaanza mbali, kwa kuku wangu mweusi aliyepotea.

"Kaka anasema ulisahau kufunga banda. Anasema kichwa pia kinachoka, hapana mguu tu."

Niliendelea kuchimba. Mara majani ya maboga yakatikisika kando ya ua, na kuku mweusi akatoka. Nyuma yake vifaranga, kimoja, kingine, kingine tena, vinalia kama vimechelewa mahali. Alikuwa amelalia mayai chini ya majani siku zote hizo, anatusikia tunavyomsema.

"Nani alisahau?" nikamwuliza binti yangu.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Alipoinuka kuondoka nilimchukua mtoto, nikamfunga mgongoni mwangu, nikashika na kikapu. Tulipita msikiti. Tulishika barabara ya ziwa, mpaka pale zinapoanza nyumba za Wazungu, zenye maua mengi ambayo hakuna anayeyala. Binti yangu alisema rudi, mama, kila tulipopita mti. Nilimrudishia mtoto wake pale nilipotaka mimi.

Ijumaa, baada ya sala, fundi wangu akaja na matenga ya kufungia vyombo. Nilimpikia maharage na boga. Alikula vizuri. Mtoto akila vizuri huwa anafikiri ameshinda. Alipoinuka, niliingia bustanini, nikakata boga kubwa kuliko yote, lile nililokuwa nalilinda kwa mbegu. Nikasokota kata ya majani makavu ya mgomba, nikaiweka kichwani, na boga juu yake.

"Mama, lete nibebe."

"Mgeni habebi."

Tukatoka. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono mdomoni. Kwenye kona ya msikiti mtoto akasema, "Basi mama, rudi." Nikasema bado kidogo. Barabara ya ziwa akasema tena. Nikasema bado kidogo. Tulipofika kwenye bariyeri ya kuingia Kongo, askari akanizuia.

"Mama, unaenda fasi gani na boga hiyo?"

"Namsindikiza mtoto."

"Mutoto gani?"

"Huyu hapa."

Askari akamtazama mtoto wangu, ndevu zake, tumbo lake, koti lake la Ijumaa. Akainua mti uliofunga njia bila kuuliza kitu kingine, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Nilifika Goma mpaka mlangoni kwa fundi. Boga nililitua mwenyewe jikoni kwao. Mke wake alinipa chai na maandazi, na kile chumba cha sima nilikiona. Ni kizuri, sisemi uongo. Mtoto akavua viatu, akanyoosha miguu, akasema, "Bon, mama, donc sasa utapumzika hapa." Nikamaliza chai yangu, nikainuka.

"Mgeni anaondoka. Nani ananisindikiza?"

Mtoto akatazama viatu vyake. Mke wake ndiye aliyecheka kwanza. "Baba ya watoto, vaa viatu."

Mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa nzima miguu yake ni ya kukanyaga pedali tu. Alianza kuhema hata hatujaona ziwa. Mimi nilitembea taratibu, mguu wangu ulikuwa umekwisha kuizoea njia, na nilifunga mdomo. Kwenye bariyeri askari yule yule akauliza, "Mama, umemaliza kumusindikiza mutoto?"

"Sasa ni zamu yake."

Tulipokaribia msikiti mtoto wangu akasimama, akashika kiuno.

"Mama, hausemi neno?"

"Neno gani?"

"Unalijua."

Nililijua. Naye alijua kwamba bila neno hilo hageuki, maana nilimlea mwenyewe na hakulelewa vibaya. Nikaendelea kutembea. Akaendelea kunifuata. Kwenye mlango wa ua wangu nikageuka.

"Basi, mwanangu. Rudi."

Hakuweza kurudi. Aliingia, akakaa kwenye kiti changu, akaomba maji. Nilimpa maji, na kiti nilimwachia mpaka adhana ya magharibi. Mambo ya chumba hakuyasema tena. Aliondoka amepakiwa nyuma ya baiskeli ya jirani, anaangalia pembeni watu wasimwone. Matenga yake aliyaacha. Mpaka leo ndiyo ninayowekea vitunguu.

Jumapili kamioneti ikaja kweli, maana dereva alikuwa amekwisha kukodiwa. Nikadhani nimeshindwa, sikatai. Wifi yangu akaja mbio.

"Na sufuria, wifi?"

"Iko jikoni. Inapika."

Dereva akafungua nyuma. Hakukuwa na kamba wala magodoro. Ilikuwa imejaa mbolea ya ng'ombe, nyeusi, iliyoiva, imetolewa kwa wafugaji wa Rugerero. "Fundi anasema ni ya bustani ya mama," akasema. Bustani nzima ilipata, na ya wifi yangu pia, kwa sababu alisaidia kubeba, ingawa alibeba huku ananung'unika.

Kazi ilipokwisha nilimkatia dereva kabichi mbili, nikajifunga kanga vizuri, nikainuka nazo. Yule kijana akaziona kabichi mkononi mwangu, akanitazama miguu, akarukia ndani ya gari na kuliwasha.

"Hapana, mama! Baki, baki! Zitupie tu dirishani! Mutoto yako aliniambia!"