Kucha Nyekundu Begani kwa Papa

Nikisubiri picha zangu za pasipoti katika studio moja hapa Kalemie, nilimkuta mama mmoja akitaka mumewe aongezwe kwenye picha ya familia. Mume yuko kazini Kabimba, na Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya binti yake. Sebule isiyo na picha ya Papa, yaani baba wa nyumba, alisema, itawapa wakwe maswali.

Picha pekee ya mume ilipigwa kwenye harusi ya jirani. Mpiga picha akagusa simu, programu ikamkata mume kutoka kwenye picha hiyo mara moja, pamoja na mkono wa mtu uliokuwa begani kwake. Ulikuwa na kucha nyekundu.

"Huu mukono njo wa nani?" mama akauliza.

"Mama, simu inazani ni wa Papa."

"Papa hapakagi rangi."

Mpiga picha akaufuta, na bega likaondoka nao. Akahamia kwenye kompyuta, akamzungushia mume nukta moja moja ili amkate upya, taratibu, lakini chini ya mkono ule hapakuwa na bega la kurudisha.

"Basi weka mukono yangu juu," mama akasema, akaegemeza mkono kwenye kiti apigwe picha.

Kwenye kompyuta ukakatwa kidole kwa kidole, ukafunika ule wa kucha nyekundu. Mimi, nisiyeweza kujizuia, nikaonyesha ukucha mmoja mwekundu uliobaki ukichungulia.

"Uache," mama akasema. "Wakwe hawatauona. Papa akirudi, atanielezea."

Niliingia kwa picha za pasipoti, nikabaki nikitaka kujua kipi hukata vizuri, simu au kompyuta. Nilitoka nikimhurumia Papa wa Kabimba.