Nilivyokwenda Kabimba Kumkwepa Mama Mukwe

Niliondoka Kalemie kwa sababu ya koo. Kichwa kigumu nacho kilikuwa sababu, ila hicho nilikuja kukijua baadaye. Kazi yangu ilikuwa kuita treni pale stesheni. Mwaka wa uhuru, wazungu walipofunga mizigo yao, kipaza sauti nacho kiliondoka, sijui katika sanduku la nani, nikabaki mimi na mapafu yangu: Nyunzu! Kabalo! Kongolo! Nilijulikana mpaka sokoni, na sikatai, nilijisikia. Basi koo likaanza kuuma Jumapili moja, nikalipuuza, na wiki tatu baadaye nilikuwa naita treni kama mtu anayeita paka. Shefu wangu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba sauti isiporudi Jumatatu atamweka mwingine. Watoto wangu watatu wanakula kwa sauti hiyo.

Msidhani nilikaa tu. Nilisukutua maji ya chumvi, nikatafuna tangawizi, nikanywa ndimu na asali, nikafunga shingo kwa kitambaa kilicholowa mawese mpaka kola zote zikaharibika. Jirani mmoja alikuja na wembe akitaka kunikata kilimi, na miwani yake ameisahau nyumbani, huyo nilimkimbia. Kila aliyepita mlangoni kwetu alikuwa munganga. Mke wangu Yuliana peke yake hakuleta dawa. Kila asubuhi alisema maneno yaleyale, kwamba niende dispensari kwa mama yake.

Hapo ndipo penye taabu. Dispensari ya mtaani kwetu, ambayo naiona nikiwa kitandani, anayeangalia makoo ni Mama Sesilia, aliyemzaa Yuliana. Na kwetu mwanaume hali mbele ya mama mukwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye ila kupitia kwa mke, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Miaka kumi na moja nimeingia majanini, hata siku za mvua, na suruali ya kazi. Leo nimfungulie kinywa? Nimtolee ulimi na kusema aaa? Nilimwambia Yuliana afadhali nife na heshima yangu, na wakati ule nilijiona mwanaume kweli.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda boti ya mizigo kwenda Kabimba, kwenye kiwanda cha simenti, kwa kuwa nilisikia huko kuna munganga mwanaume. Upepo ulikuwa mdogo, milima ikatufuata upande wa kushoto, abiria wakafungua vyakula vyao. Mama mmoja mwenye vikapu vya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akanimegea ugali. Nilishindwa. Maumivu yalikuwa yamehamia upande mmoja na kupanda mpaka sikioni, kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole, na mate yangu mwenyewe nilikuwa nayatemea kwenye leso. Mama yule akaniuliza kama kweli kwetu mjini hakuna dispensari. Nilimwonyesha koo langu, kama kwamba ndilo linalonizuia kujibu.

Kabimba, karibu saa nne. Vumbi jeupe limekaa juu ya majani, juu ya mbuzi, juu ya kofia za watu. Munganga, Papa Ilunga, alikuwa mtu mwembamba mcheshi, akanipokea vizuri, akanikalisha mlangoni penye mwanga na kunishika ulimi kwa mpini wa kijiko. Ucheshi ukamtoka. Akauliza siku ngapi; nikaonyesha vidole vitatu, nikaandika «wiki». Akanigombeza mbele ya wagonjwa wote. Koo likizidi wiki moja, alisema, ndimu imeshindwa, mtu aende aonekane. Na homa ikiwa kali, ao shingo ikivimba, hata wiki asingoje. Lakini maumivu ya upande mmoja, kinywa kisichofunguka na mate yasiyomezeka, hayo ni ya siku ileile, ya saa ileile. Usaha ulikuwa umejaa upande wa kulia na kukisukuma kilimi pembeni. Ulitakiwa kupasuliwa, na yeye hakuwa na kisu cha kazi hiyo.

«Rudi Kalemie sasa hivi,» akasema. «Umuone Mama Sesilia. Njo yeye alinifundisha kazi.»

Nikachukua karatasi, nikaandika: ni mama mukwe wangu.

Papa Ilunga akasoma, akaikunja karatasi taratibu, akaniambia:

«Papa, usaha huu unaweza kukuziba pumzi. Chagua. Akuone kinywa leo, ao akuone ndani ya sanduku kesho.»

Boti ileile ikanirudisha mchana, imejaa mifuko ya simenti. Njia nzima niliogopa. Sikuogopa tena aibu. Niliogopa kufa, na kufa kwa upumbavu, nikiwa nimesafiri siku nzima kuikimbia nyumba iliyo mbele ya mlango wangu. Nilimkumbuka Yuliana, nikalia, na kulia nako kuliuma.

Saa kumi na moja jioni nikamchukua Yuliana nyumbani, nikaingia naye dispensari, koti nimejifunika kichwani, kinywa tu ndicho kinachoonekana. Yuliana akasimama katikati yetu. Mama Sesilia akauambia ukuta:

«Yuliana, mwambie bwana yako afungue kinywa.»

Yuliana akaniambia. Nikafungua kidogo.

«Mwambie zaidi.»

Nikaongeza kidogo sana. Basi akaja mwenyewe, akalivuta koti, akanishika taya.

«Weye, fungua! Hapa miye si mukwe, miye njo munganga.»

Miaka kumi na moja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Nikafungua mpaka machozi yakanitoka. Kisu kikapita, na yaliyokuwa kooni yakaruka yote juu ya aproni yake nyeupe. Nilimtemea mama mukwe wangu usaha, mbele ya binti yake. Kisha nikavuta pumzi, nikameza maji, yakashuka. Sijapata kunywa kitu kitamu kama maji yale.

Shefu alipoona karatasi ya dispensari akaniongezea wiki moja, na sindano zikafanya kazi yake. Mimi nikapeleka mbuzi wa kuiosha aproni ile, kama desturi inavyotaka. Akapokelewa kupitia kwa Yuliana, nami nikarudi kuingia majanini kama zamani.

Siku niliyorudi kazini niliita Nyunzu mpaka watu wa bandarini wakageuka. Mama Sesilia, pamoja na Yuliana, alikuwa pale akimsindikiza dada yake, amenipa mgongo kama inavyopasa. Nilipomaliza, akamwambia Yuliana kwa sauti ya kunifikia:

«Mwambie bwana yako, sauti njo imerudi. Lakini jino la mwisho, kushoto, chini, limeoza.»

Kesho yake, kabla dispensari haijafunguliwa, nilikuwa wa kwanza mlangoni, bila koti kichwani.